Kilomita ya Tano

Saa kumi na moja na nusu. Buholo bado imejifunika ukungu
hadi kidevuni, na Zihindula keshafika,
anarukaruka palepale kama bisi chunguni,
anapuliza vidole. Nabintu anakuja na kofia ya mumewe.
Mimi nimevaa soksi mbili mguu wa kulia, moja wa kushoto:
viatu nilivyonunua sokoni Kadutu si mapacha,
ni mtu na binamu yake.
Murhula anachelewa. Murhula huchelewa hata kuingia ndotoni.

"Mwezi wa saba," anasema Zihindula, "mvua iko likizo."
Tunatazama juu. Juu hakusemi kitu.
Anabonyeza saa yake: tii.

Tunashuka kwanza (huku kwetu hakuna kupanda
kusikoanza na kushuka)
kwa ngazi za udongo nyuma ya nyumba za watu,
tukiomba radhi kwa mabeseni, kwa kuku,
kwa mwanamume anayepiga mswaki akitukodolea macho
kana kwamba tumemwibia, ila hajajua bado ni nini.
Daraja la Wesha: mbao tatu, ya kati inacheza.
Halafu kilima.

Kilima hakina maneno mengi.
Kinakuuliza jina lako, unajibu kwa pumzi,
kinakuuliza tena.
Nyuma yangu Nabintu anahesabu kwa Mashi,
moja hadi kumi, moja hadi kumi,
miaka miwili sasa hajawahi kufika kumi na moja.

Kilomita ya pili, jua. Tunavua makoti, tunayafunga viunoni.
Ya tatu, upepo wa ziwani, baridi yenye kucha.
Ya nne, jua tena, la kupima kwa kijiko,
na Murhula anaanza kisa cha shemeji yake na mbuzi
ambacho mpaka leo hatujasikia mwisho wake,
kwa sababu hapo ndipo mbingu inapasuka.

Si mvua. Mawe.
Kama punje za mahindi, halafu kama maharage, halafu
usiulize. Yanagonga visogo, yanadunda njiani,
potopoto inazaliwa chini ya nyayo zetu tukiiona.
Kiatu changu cha kulia kinaamua kubaki. Nakirudia.
Tunakimbia bila macho, tumeshikana mashati,
mpaka kwenye tanuri la matofali
lenye joto la jana bado,
tunalibandikia migongo kama mikate.

Ndipo tulipomwona.
Mama mmoja, peke yake, anavuta turubai
juu ya matofali mabichi, safu kwa safu,
akifunika hapa, upepo ukifunua kule.
Hakutuita. Alituangalia mara moja tu,
vile mtu anavyoangalia watu wenye nguvu za kukimbia bure.

Sijui nani alianza. Nadhani Murhula, yule wa kuchelewa.
Nabintu alilalia kona ya turubai, mwili mzima.
Zihindula alileta mawe ya kukandamiza.
Mimi nilihamisha matofali, moja moja, kifuani,
kama vichanga visivyotakiwa kuamshwa.
Ya safu ya mwisho yalishasahau umbo lake.
Tuliyaacha, yakarudi kuwa kilima.

Ikakoma kama ilivyokuja, bila kuaga.
Chini ziwa likaonekana, bluu, likijifanya halijui lolote.
Mama akahesabu kwa kidole: mia mbili na kitu yamekwenda.
"Nyinyi mnakimbilia wapi?"
Tukatazamana.
"Tunapanda, halafu tunarudi," akasema Nabintu.
"Mnarudi palepale?"
"Palepale."
Alicheka mpaka akashika kiuno,
akafukua majivuni viazi vitamu viwili,
watu wanne.

Tulipoanza kushuka, polepole, saa ya Zihindula ikalia: tii.
Alisahau kuisimamisha. Kilomita ya tano:
saa moja na dakika kumi na nne.
"Nifute?" akauliza, kidole juu ya kitufe,
potopoto mpaka kwenye kope.
Murhula, kiazi mdomoni:
"Thubutu."